Brauza unayotumia: uliichagua mwenyewe au uliikuta kwenye simu?

#1 Mzee wa Stesheneri

Wakuu habari za jioni.

Nina stesheneri jirani na chuo, mkoa nauacha. Kompyuta nne, printa mbili, moja ina kikohozi. Kazi hii inanifanya nione simu za watu zikiwa wazi asubuhi hadi usiku. Mtu anakuja, "kaka nichapie hii," ananikabidhi simu, na kabla sijagusa kitu nimeshajua huyu ni wa Chrome, yule wa Opera Mini, na wa tatu anatumia brauza iliyokuja na simu ambayo hata jina lake halijui. Anaiita "intaneti".

Wiki iliyopita alikuja kijana saa mbili usiku, mimi nimeshafagia nataka kufunga. Anaomba kazi, na mwisho wa kutuma maombi ni saa sita usiku huo huo. Fomu yote kaijazia kwenye simu, kwa brauza moja ya kubana data ambayo jina lake nalihifadhi. Cheti kimepanda, barua imepanda, akigusa "Tuma" kiduara kinazunguka weee, halafu ukurasa unabaki mweupe. Mara nne. Analaani tovuti ya watu. Nikamwambia jaribu kwa brauza nyingine. Akanitazama kama nimemwambia abadili dini. "Hii ndiyo naijua mimi. Na bando langu la wiki linafika Jumapili kwa sababu ya hii."

Tukafungua fomu ile ile kwenye kompyuta yangu, ikapita mara ya kwanza.

Kijana yule si mjinga. Ana sababu na sababu yake inaeleweka: bando. Tangu siku hiyo kila mteja anayenipa simu namuuliza, kwa nini unatumia hii na si nyingine? Majibu niliyopata: "niliikuta", "aliniwekea shemeji", "hiyo nyingine inakula MB", "hii inaniletea matokeo ya mpira", "manenosiri yangu yote yamo humu, nikihama nimekwisha". Aliyetaja kasi ni mmoja. Usalama hakuna aliyeutaja hata kwa bahati mbaya.

Kuna mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, anauza vitenge, yeye ndiye aliyenimaliza. Kwenye Chrome yake, pale juu ambapo huwa kuna namba ya kurasa ulizoacha wazi, hakuna namba. Kuna alama ya :D imelala ubavu. Ananiuliza, "mwanangu, hako kauso kananicheka nini?"

Ninachosema mimi ni hiki: tunabishana brauza kama Simba na Yanga, wakati wengi wetu hatukuchagua timu. Tulikuta jezi imetundikwa mlangoni tukaivaa. Na wenye kampuni wanalijua hilo kuliko sisi. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilijulikana kwamba mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili mtu akifungua Safari na kutafuta kitu, akute Google ndiyo iliyowekwa. Bilioni 20! Kwa mpangilio ambao wewe na mimi tunaweza kuubadilisha kwa kugusa mara tatu. Anayelipa hela hiyo anajua hatutagusa.

Haya. Wewe unatumia ipi, na uliichagua au uliikuta? Naomba msinijibu "Chrome ni fasta" mkaondoka.

#2 Kiberenge

Chrome ni fasta.

#3 Dawati la Nyuma

Hahaha. Mkuu jibu umeshapata, funga uzi.

#4 Nokia Haifi

Mimi ni mtu wa O nyekundu, yaani Opera Mini, tangu enzi za kiswaswadu, na niliichagua kwa akili zangu timamu, kwa hiyo mzee hapo kwangu umekosea.

Mwaka 2009 niko kidato cha tatu, simu ni ya shemeji, Nokia ya vitufe. Unakwangua vocha ya mia tano kwa kucha, unaingia, na kila ukurasa unaoufungua unausikia mfukoni. Brauza iliyokuja na simu ilikuwa inafungua ukurasa mmoja wa gazeti, salio kwisha. Opera Mini ukizima picha unasoma magazeti mpaka unachoka. Mahali pa picha kuna kisanduku kitupu, unabaki kuwaza sura ya waziri. Namba 2 kupanda, 8 kushuka, 4 na 6 kwenda pembeni, 5 kubonyeza. Mpaka leo nikiota naperuzi, naota kwa vidole hivyo.

Na kilichokuwa kinafanya iwe nyepesi si uchawi. Brauza ya kawaida inaenda yenyewe kwenye tovuti na kubeba kila kitu: maandishi, picha, matangazo, takataka zote. Opera Mini haiendi. Inamtuma mtu. Seva za Opera, yaani kompyuta zao za mbali, ndizo zinakwenda, zinaupika ule ukurasa huko huko, zinaufinyanga, na simu yako inaletewa kifurushi kidogo kilichokwisha kuiva. Wenyewe walikuwa wanasema wanapunguza data hadi asilimia 90. Ndiyo maana ilikimbia kwenye simu zenye kumbukumbu kidogo kuliko kikokotoo.

Ni kama kumtuma mtoto sokoni, anarudi na nyanya zimeshakatwa. Raha. Ila ukitaka kubadilisha moja tu, lazima arudi tena sokoni. Na hapo nadhani ndipo alipokwama yule kijana wako. Fomu za siku hizi zimejaa JavaScript, ule msimbo unaoupa ukurasa uhai: ukichagua mkoa, wilaya zijitokeze, ukipakia cheti, kimstari kijae. Vitu hivyo vinataka brauza iliyoko mkononi mwako ifanye kazi papo hapo, isiwe inamtuma mtu kila dakika.

Kwa hiyo mimi leo nina simu janja ya RAM 2GB na brauza mbili. Kusoma habari na kuangalia matokeo, O nyekundu. Kujaza fomu, Chrome. Sijawahi kulala njaa.

Halafu jambo moja la pembeni kwa wapenzi wa Opera: Jon von Tetzchner, mmoja wa wale walioianzisha kule Norway, aliondoka mwaka 2011, akaenda kutengeneza Vivaldi. Mwaka 2016 biashara ya brauza ikauzwa kwa wawekezaji wa Kichina. Jina ni lile lile, wenyewe si wale.

#5 Fundi Kodi

Nakaa upande wa wanaotengeneza tovuti, acha nimwage mboga kidogo.

Mnachobishania humu ni bodi za daladala. Moja imeandikwa nyuma "Mungu Ni Mwema", nyingine "Wivu Hauna Faida", moja ina taa za bluu, nyingine muziki mkubwa. Funua boneti: injini moja, yaani ile sehemu inayosoma msimbo wa tovuti na kukuchorea ukurasa. Chrome, Edge, Opera ya kompyuta, Brave, Vivaldi, Samsung Internet, zote zinaendeshwa na Blink, injini ya mradi wa Chromium ambao Google ndiye mwenye mkono mkubwa ndani yake. Opera walikuwa na injini yao, Presto, wakaiacha mwaka 2013. Microsoft nao wakachoka kushindana, Januari 2020 wakatoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium. Kampuni yenye Windows nzima imekubali kuendesha gari kwa injini ya mshindani wake! Mimi siku ile niliona kama Yanga wamehamia Msimbazi.

Zilizobaki za maana ni tatu: Blink, WebKit ya Apple, na Gecko ya Firefox. Na hata Blink na WebKit ni ndugu, Blink ilijitenga mwaka 2013. Babu yao ni KHTML, kazi ya watu wa KDE waliokuwa wakitengeneza programu huria za Linux, Apple wakaichukua na kutengenezea Safari iliyotoka mwaka 2003. Kwa hiyo asiye wa ukoo huo ni Firefox peke yake. Na mjue kichekesho: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, wenye Firefox, inatoka Google, ile ile hela ya kuwekwa mwanzo aliyoitaja mzee. Anayempinga tajiri analishwa na tajiri.

Kwa nini hili linakuhusu wewe mwenye bando la wiki? Kwa sababu ya watu kama mimi. Mteja anataka tovuti Ijumaa, mimi naijaribu kwenye Chrome, inakaa vizuri, nakabidhi. Firefox sijafungua. Safari sina. Nakiri kosa. Tulishawahi kupita njia hiyo: Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001, ikashika karibu soko lote, halafu Microsoft wakalala. Toleo la 7 lilikuja 2006. Miaka mitano! Na kwa kuwa kila mtu alikuwa ametengeneza tovuti za kuendana na ile moja, kuna ofisi zilibaki zimefungwa nayo muda mrefu baada ya mwenyewe kuichoka.

Kuhusu Chrome kula RAM, msiitukane bure. Ilipotoka Septemba 2008, Google waliitambulisha kwa katuni iliyochorwa na Scott McCloud, na jambo kubwa kwenye katuni ile lilikuwa hili: kila kichupo kinaendeshwa peke yake. Kabla ya hapo ukurasa mmoja ukizimika, brauza nzima inaanguka na barua yako uliyokuwa unaandika. Chrome ikaweka kuta. Mwaka 2018, baada ya kugundulika ule udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre, ikaongeza kuta nyingine ili tovuti moja isichungulie kumbukumbu za nyingine. Nyumba yenye vyumba vingi inataka matofali mengi, na RAM ndiyo matofali.

#6 Kiberenge

Kichupo ndiyo nini?

#7 Fundi Kodi

Kila ukurasa uliouacha wazi juu hapo ni kichupo. Weka Chrome yako Kiswahili utaliona hilo neno.

#8 Kiberenge

Niliweka siku moja nikashindwa kurudi.

#9 Mwana wa Mvita

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mzee wa Stesheneri, mimi ni ndugu yako wa kazi, nina saiba hapa tangu enzi za kulipia kwa dakika.

Nyinyi mnazungumza habari za kuchagua. Mimi wateja wangu walikuwa hawajui kama kuna kitu cha kuchagua. Intaneti ilikuwa ni ile "e" ya bluu. Akikaa mbele ya kompyuta, jicho linaitafuta "e". Asipoiona ananiita, "hii mashini haina intaneti." Nilipoleta Firefox, kama sikosei ni 2006 au 2007, watu waligoma. Yule mbweha anawatisha. Nikafanya ujanja ambao leo nauona haya: nikaipa Firefox picha ya "e" ya bluu. Siku hiyo hiyo malalamiko yakaisha. Mzee mmoja akaniambia, "leo umetengeneza vizuri, intaneti imekuwa nyepesi." Nikamwambia shukrani, nikameza mate.

Mahali nilipokuwa nakwama ni ofisi. Mteja anatumwa na mwajiri wake ajaze kitu fulani, na mfumo wenyewe unakubali Internet Explorer peke yake. Unaibakisha kompyuta moja kwenye kona kwa ajili hiyo. Microsoft waliizika Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022, lakini maiti bado imo ndani ya nyumba: Edge ina hali maalumu ya kufungua kurasa za zamani, na wamesema wataiacha hadi angalau mwaka 2029. Mnaodhani hakuna anayeihitaji hamjafanya kazi ya saiba.

#10 Binti Chuma

Nokia Haifi, kaka yangu, umesema vizuri sana ila umeishia nusu ya safari. Mtoto uliyemtuma sokoni anajua ulichonunua.

Kazi yangu ni usalama wa mifumo, na hapa ndipo ninapogombana na ndugu zangu nyumbani. Ukifungua tovuti yenye HTTPS kwa brauza ya kawaida, maneno yanafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye tovuti yenyewe. Katikati hakuna anayesoma. Ila brauza inayokupikia ukurasa haiwezi kuupika bila kuufungua. Kwa hiyo kwenye ile hali ya kubana kabisa ya Opera Mini, kufuli linafunguliwa kwenye seva za Opera, ukurasa unapikwa, halafu unafungwa upya kuja kwako. Opera wenyewe hawalifichi jambo hili. Kusoma matokeo ya mechi, sawa. Kuingia benki, hapana, badili hali au badili brauza.

Na hii ndiyo sababu ubanaji wa zamani umekufa kifo cha taratibu. Zamani tovuti nyingi zilikuwa wazi, mtu wa katikati anaona kila kitu, anabana anavyotaka. Mwishoni mwa 2015 shirika la Let's Encrypt wakaanza kugawa vyeti vya HTTPS bure. Julai 2018 Chrome ikaanza kuandika kwamba tovuti yoyote isiyo na HTTPS si salama. Kila mtu akafunga mlango. Usalama umepanda, na mbanaji wa katikati akabaki nje na kisu chake mkononi.

Chrome yenyewe ilikuwa na kipengele cha kuokoa data kwenye Android, mnakikumbuka? Kilikuwa kinakuonyesha na grafu ya ulichookoa. Kiliondolewa Machi 2022. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Nchi nyingi. Kila mmoja hapa aangalie ujumbe wake wa mwisho wa "kifurushi chako kimeisha" kisha ajue kama yumo.

Mwisho, wale wa UC Browser mliojificha humu. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba brauza hiyo ilikuwa ikivujisha taarifa za watumiaji, zikiwemo za mahali walipo na vitu walivyotafuta, na nyingine zilikuwa zinasafiri bila kufungwa. Juni 2020 India wakaipiga marufuku pamoja na programu nyingine 58 za Kichina. Marufuku ile ilikuwa na siasa za mpakani ndani yake, sikatai. Ripoti ya Toronto haikuwa na mpaka.

#11 Kiberenge

Dada mimi natumia hali fiche (incognito) kwa kila kitu, kwa hiyo niko salama.

#12 Binti Chuma

Hali fiche inakuficha kwa atakayeshika simu hiyo baada yako. Basi. Kampuni ya simu inaona unakokwenda, ofisi yenye waifai inaona, tovuti unayoingia inakuona. Watu waliishitaki Google mwaka 2020 kwa sababu walidhani kama unavyodhani wewe, na mwaka 2024 Google ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa watu wakiwa humo.

Inafaa sana mahali kama kwa Mzee wa Stesheneri. Ukitumia kompyuta ya watu, fungua hali fiche, maliza, funga dirisha. Akaunti yako haibaki pale.

#13 Mzee wa Stesheneri

Hapo umenigusa dada. Kila asubuhi nikiwasha mashine nakuta barua pepe ya mtu iko wazi. Kuna siku nimekuta hadi ombi la talaka. Nimeondoka kwenye akaunti macho nimeangalia dari.

#14 Nokia Haifi

Binti Chuma umenifundisha, sibishi. Ila kuna kitu hamjakisema. Leo kinachokula bando kwenye tovuti za habari si habari. Ni matangazo na video zinazojiwasha. Kwa hiyo ukiyazuia matangazo umebana data kuliko hata yule mtoto wa sokoni, na hakuna aliyefungua kufuli lako.

Kwenye Android, Chrome haikubali viendelezi, vile vijiprogramu vya kuongezea kwenye brauza. Firefox inakubali: unaweka uBlock Origin, kizuia matangazo, ndani ya simu na mambo yanatulia. Brave inakuja na kizuizi chake tayari, na ni injini ile ile ya Chrome, kwa hiyo fomu zinafunguka. Mmoja wa walioianzisha ni Brendan Eich, yule yule aliyeiandika JavaScript kwa siku kumi mwaka 1995. Tatizo kalileta mwenyewe, dawa anauza mwenyewe.

#15 Fundi Kodi

Brave nao wana lao. Juni 2020 walikutwa brauza yao ukiandika anwani ya soko fulani la sarafu za kidijitali, inakumalizia anwani yenye msimbo wa kuwaingizia wao kamisheni. Wakaomba radhi, wakazima. Sisemi msitumie. Nasema hakuna malaika.

Na kwenye kompyuta, Chrome ilianza mwaka 2024 kuizima uBlock Origin kamili kwa kubadili kanuni za viendelezi, ikabaki ile nyepesi yake. Wanasema ni kwa ajili ya usalama. Kampuni inayoishi kwa matangazo imekaza kanuni za wazuia matangazo, kila mtu ajisomee mwenyewe. Mimi ndipo niliporudi Firefox baada ya miaka kumi. Niliona aibu kama mtoto mpotevu, nikakuta alamisho zangu za 2013, kurasa nilizoziwekea alama, bado zipo.

#16 Mwandishi wa Usiku

Wote mnaoshangilia kuzuia matangazo, mimi ndiye mnayenizuia. Nina blogu ya mapishi, naandika usiku watoto wakilala. Matangazo yale ndiyo yananilipia bando la kupandishia picha. Mtu anakuja kusoma jinsi ya kupika vitumbua bila kuungua chini, anasoma yote, anashukuru, na mimi sipati hata senti kwa sababu kaweka Brave.

#17 Nokia Haifi

Dada pole, kweli tena. Lakini tuambiane ukweli, kuna blogu za mapishi ukifungua unakuta tangazo juu, tangazo chini, tangazo linaelea, na kitumbua hakionekani. Mimi nalipia MB za kuletewa tangazo la kamari ambalo sikuliomba. Kizuizi kinaruhusu kuitoa tovuti moja. Niletee jina la blogu yako kwenye ujumbe wa faragha nikufungulie mlango.

#18 Mwandishi wa Usiku

Nimekutumia. Na tangazo linaloelea nimelitoa mwaka jana, usinisingizie.

#19 Mzenji Halisi

Mie n'na iPhone, n'nasoma hapa n'nacheka. Kumbe nyie mna injini tatu. N'liweka Chrome, n'kaweka Firefox, n'kaweka na Brave, kila moja n'naiona tafauti. Kisha mwanangu akaniambia baba, kwenye iPhone zote hizo ndani ni WebKit, Apple hairuhusu nyengine. Ati n'likuwa n'nabadilisha shati tu.

Ulaya sheria yao iliwalazimisha Apple wafungue mlango, tangu iOS 17.4 ya Machi 2024. Sisi huku bado tunatazamia baharini.

Lakini sibadilishi. Safari n'liikuta na ndiyo n'nayotumia. Mzee wa Stesheneri, niandike kwenye daftari la walioikuta.

#20 Dawati la Nyuma

Mimi niko kundi la manenosiri. Chrome inajua nenosiri langu la kila mahali, mimi silijui hata moja. Nikihama nitaanza maisha upya kama mkimbizi.

#21 Binti Chuma

Yanahamishika. Fungua Chrome kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio ya Kidhibiti cha Manenosiri, chagua kuyatoa, linatoka faili moja la CSV. Firefox, Edge, Brave, zote za kompyuta zinalisoma. Ila faili hilo ni maandishi matupu, anayelifungua anasoma kila kitu. Ukishamaliza lifute, na lifute pia kwenye pipa la taka. Usifanyie stesheneri.

#22 Mzee wa Stesheneri

Naunga mkono, msilete mafaili hayo kwangu.

Nimesoma yote. Mvita umenichekesha, maana mimi nilifanya kinyume: nilificha "e" kabisa, nikabandika karatasi kwenye kioo, "INTANETI IPO, BONYEZA DUARA LA RANGI". Na Nokia Haifi nakukubalia, wewe ulichagua. Vocha ya mia tano ilikulazimisha uchague. Labda ndiyo tofauti: aliyekuwa akilipa kwa kilobaiti alijua brauza yake inafanya nini, sisi tuliokuja na simu janja tumekuta kila kitu kimepangwa.

Bado sijapata jibu la yule mama wa vitenge. Kale kauso.

#23 Fundi Kodi

Chrome ya Android inahesabu vichupo hadi 99. Ukizidisha inaacha kuhesabu, inakuchekea :D. Kwenye hali fiche inakukonyeza ;).

Aguse hako kauso, halafu vinukta vitatu, "Funga vichupo vyote". Haitafuta manenosiri wala alamisho.

#24 Mzee wa Stesheneri

Mrejesho. Mama amekuja leo kuchapa bei za vitenge. Nikamweleza, akasema ngoja kwanza, usifunge, nione nina nini humo. Tukakaa tunateremka. Matokeo ya kidato cha nne ya mwanawe wa kwanza, na huyo mwana ana mtoto sasa. Namna ya kutoa doa la mafuta kwenye satini, mara sita. Nauli ya ndege ya kwenda Guangzhou. Dua ya safari. Nauli ya Guangzhou tena, mwaka mwingine. Sikumuuliza kama alikwenda.

Akafunga vyote mwenyewe, isipokuwa ule wa matokeo. Sasa pale juu pameandikwa 1.